Vyungu vya Watoto wa Sanga

Wajukuu wangu wa Lusangi, nanyi wa Kasongo na Kabambare, mto Lualaba mnaufahamu. Hata asiyewahi kuuvuka ameonja samaki wake. Mnajua pia unakoelekea: Nyangwe, Kibombo, Kindu, hadi Kisangani. Leo nataka tugeuze uso tuutazame unakotoka. Tupande nao kwenda kusini, tuipite Kongolo, tuipite Kabalo, tuipite Ankoro, mpaka nchi ishuke na kuwa bonde pana lenye maziwa na vinamasi. Hilo ndilo bonde la Upemba. Ndani yake kuna ziwa liitwalo Kisale, na ukingoni mwa Kisale pana mahali paitwapo Sanga. Chini ya udongo wa Sanga wamelala watu waliozikwa miaka elfu moja iliyopita, na wengine kabla ya hapo. Maji yaliyopita karibu na makaburi yao ndiyo yanayokuja kupita kwetu.

Habari za makaburi ya kale mnazozijua ninyi ni za Misri. Aliyekaa chuoni amemsikia Firauni. Aliyekaa darasani ameiona picha ya piramidi. Basi tuanze huko, tusikae sana. Tarehe 4 Novemba 1922, katika Bonde la Wafalme karibu na mji wa Luxor, vibarua wa Mwingereza Howard Carter walifukua daraja moja la ngazi ya mawe. Chini yake likaonekana la pili, na la tatu, mpaka wakafika kwenye mlango uliopigwa mihuri. Lilikuwa kaburi la Tutankhamun, mfalme aliyekufa angali kijana, miaka zaidi ya 3,300 iliyopita. Dunia nzima ilizungumzia dhahabu. Kinyago cha uso wake peke yake kina uzito wa kilo zaidi ya 10, na jeneza la ndani kabisa kilo zipatazo 110.

Lakini mle ndani mlikuwa na kitu kingine ambacho hakuna mwizi angekiinamia: maua. Mashada ya maua yaliyokauka yalikuwa yamewekwa juu ya maiti na majeneza yake. Wataalamu wa mimea waliyachunguza, wakayatambua moja moja, wakajua kila ua huchanua wakati gani wa mwaka. Hivyo tukafahamu kwamba kijana yule alizikwa baina ya Machi na Aprili. Angeingia mtu mwenye haraka akabeba dhahabu na kuyakanyaga majani yale, habari hiyo ingepotea, wala hakuna fedha ya kuinunua tena. Ndiyo maana kulitoa kaburi lile kulichukua takriban miaka 10. Vitu vilizidi 5,000, na kila kimoja kilipewa namba, kikachorwa mahali kilipokaa, kikapigwa picha na Harry Burton, ndipo mkono ukakigusa.

Haya, sasa Kisale.

Ziwa hili lina mafunjo mengi, mmea ule ule ambao Wamisri waliutengenezea karatasi zao. Mafunjo ya Kisale hung'oka ukingoni kwa mafungu makubwa yakawa visiwa vinavyoelea, na wavuvi wamejenga vibanda juu yake. Ni nchi ya samaki. Kila mwaka Lualaba hufurika, maji yanasambaa bondeni, kisha yanarudi na kuacha udongo wenye rutuba. Mahali penye samaki, penye mashamba na penye njia ya mitumbwi, watu hukaa. Na mahali watu wakikaa muda mrefu, wafu wao pia huwa wengi.

Mwaka 1957, nchi yetu ikiwa bado chini ya Wabelgiji, Jacques Nenquin alifika Sanga kuchimba. Mwaka uliofuata, 1958, walichimba Jean Hiernaux, Emma de Longrée na Josse De Buyst. Uhuru ulipopatikana kazi ilisimama, mpaka mwaka 1974 na 1975 alipokuja Pierre de Maret, akachimba Sanga tena na sehemu nyingine za bonde hilo: Katongo, Kamilamba, Kikulu na Malemba Nkulu. Sanga peke yake yamefukuliwa makaburi zaidi ya 150. Majina niliyoyataja ndiyo yaliyo juu ya majalada ya vitabu. Walioshika majembe na kubeba udongo walikuwa watu wa bondeni, na majina yao hayapo kwenye majalada hayo. Huko Misri nako mambo yalikuwa vivyo hivyo: aliyewaongoza vibarua wa Carter alikuwa Mmisri, Ahmed Gerigar, na ni wachache wanaomtaja. Nawaambia hili mapema ili mnaposoma kwamba fulani aligundua kaburi, mkumbuke kwamba mtu mmoja hafukui peke yake, na mara nyingi mwenyeji ndiye aliyejua mahali kabla ya mgeni kufika.

Mtaniuliza: kuchimba si ni kuchimba? Kwetu Kabambare wachimbaji wapo tele. Wajomba zenu wanatoka Salamabila na Namoya wakiwa wamejaa udongo mpaka nyusi. Sikilizeni basi tofauti ilipo. Mchimbaji wa dhahabu huuosha udongo akautupa, akabaki na punje inayong'aa. Mwanaakiolojia huanza kwa kuutazama udongo wenyewe, kwa sababu humo ndimo kaburi lilimoandikwa.

Fikirini mnavyozika. Shimo linachimbwa, udongo wa juu mweusi unatupwa pembeni pamoja na udongo mwekundu wa chini. Baada ya mazishi vyote vinarudishwa vikiwa vimechanganyika. Mvua inanyesha, majani yanaota, kizazi kinapita, alama ya juu inafutika kabisa. Lakini chini, ule mchanganyiko haujitengi tena. Ukikwangua ardhi taratibu kwa mwiko wa mwashi, ukaisawazisha, utaona doa lenye umbo la shimo, rangi yake mbali na ya udongo unaolizunguka. Hapo ndipo kaburi lilipo, hata kama hakuna mfupa wala chungu kilichoonekana bado. Jembe likiingia kwa nguvu, doa hilo linakatwa vipande na hakuna atakayeliona.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kamba na vigingi. Uwanja unagawanywa katika miraba, kila mraba na jina lake kwenye karatasi. Udongo unatolewa tabaka kwa tabaka, kidogo kidogo, na unapitishwa kwenye chekeche ili ushanga mdogo au jino la mtoto lisipotee. Mfupa ukitokeza, jembe linawekwa kando. Wanashika vijiti vya mwanzi na brashi laini, wanapiga magoti, wanapuliza. Kisha kunakuja kazi inayowachosha vijana wengi: kuchora. Kichwa kimeelekea wapi? Mikono iko kifuani au ubavuni? Chungu hiki kiko juu ya magoti au chini ya miguu, na kina cha sentimita ngapi? Yote yanachorwa kwa kipimo kabla ya kitu kuinuliwa, kwa kuwa kitu kikishainuliwa, mahali pake hapapo tena duniani isipokuwa kwenye karatasi ile.

Na mkao una maana kubwa. Mtu akizikwa Lusangi leo kwa desturi ya Kiislamu, analazwa kwenye mwanandani kwa ubavu wa kulia, uso ukiwa kibla, ndani ya sanda, bila mali yoyote. Mtu atakayefukua baada ya miaka elfu moja hatakuta maandishi, lakini akikuta makaburi kumi yote yameelekea upande mmoja, wote kwa ubavu mmoja, wote bila bangili wala sahani, atajua kwamba watu hawa walishika dini moja, na kwamba mbele ya dini hiyo tajiri na maskini waliondoka sawa. Atayajua hayo kwa mifupa tu.

Watu wa Sanga walikuwa na desturi nyingine. Wao walimpa maiti vitu vya kwenda navyo. Pembeni yake na juu yake walipanga vyungu, bakuli na chupa za udongo, vilivyofinyangwa kwa ustadi mkubwa, vyenye michoro mabegani na mikono ya kushikia. Vingi havina dalili ya kutumika jikoni. Inaelekea vilifinyangwa kwa ajili ya mazishi. Kulikuwa na majiko madogo ya udongo ya kubebeka, ya aina ambayo mvuvi anaweza kuipakia mtumbwini akapikia majini. Kulikuwa na majembe ya chuma, visu, mikuki na ndoana. Wengine walivishwa bangili, mikufu na mikanda ya shaba, na mapambo ya pembe za ndovu.

Sasa njooni karibu, maana hapa ndipo nilipotaka kuwafikisha.

Katika makaburi hayo yamo ya watoto. Umri wa mtoto hausumbui kuutambua: meno ya utotoni hutoka kwa mpangilio, ya ukubwani huyasukuma kwa mpangilio, na ncha za mifupa mirefu huungana mtu anapokua. Mtaalamu akitazama taya anaweza kusema, huyu alikuwa na miaka mitatu, huyu sita. Wachimbaji walipopanga vyungu kwa kufuata umri wa waliozikwa navyo, wakaona jambo. Mtu mzima ana vyungu vikubwa. Mtoto ana vidogo. Mtoto mchanga zaidi ana vidogo zaidi. Mfinyanzi alipoambiwa kwamba nyumba fulani imefiwa, aliuliza kwanza ni nani aliyekufa, kisha akafinyanga kwa kadiri ya mikono yake. Hivyo ndivyo ninavyoelewa mimi, na sioni namna nyingine ya kuelewa.

Tena baadhi ya watoto wale walizikwa na mali nyingi, shaba na vyungu tele. Hebu fikirini. Mtoto wa miaka minne hajavua samaki, hajauza kitu, hajapigana vita. Mali ile hakuichuma. Ilitoka kwa wazazi na ukoo wake, na ukoo uliona anastahili kuondoka na cheo kile. Kwa hiyo wataalamu wanasema kwamba miaka elfu moja iliyopita, ukingoni mwa Kisale, tayari kulikuwa na familia ambazo mtoto alizaliwa mkubwa. Hakuna aliyeandika jambo hilo. Limesomwa kwenye udongo, kwa sababu vyungu vya mtoto havikutenganishwa na mifupa ya mtoto kabla ya kuchorwa. Mchuuzi angevikusanya akaviuza sokoni, watu wangevisifu kwa uzuri, na hakuna ambaye angejua kwa nini ni vidogo.

Watoto wa kale wametufunza mengi mahali pengi. Katika kaburi la Tutankhamun mlikuwa na majeneza madogo mawili ya vichanga wasioishi, watoto wa kike, waliokaushwa na kufungwa kwa uangalifu ule ule. Na Kenya, kwenye pango la Panga ya Saidi huko Kilifi, wamepata kaburi la mtoto wa miaka miwili na nusu au mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Dalili za kwanza zilionekana mwaka 2013. Shimo lenyewe lilifikiwa mwaka 2017. Mifupa ilikuwa imelegea kiasi kwamba ukiigusa inakuwa unga. Basi hawakuigusa. Walilifunga donge zima la udongo kwa plasta, wakalipeleka Makumbusho ya Taifa Nairobi, kisha likaenda Burgos, Hispania, ambako lilifukuliwa maabarani kwa miezi mingi. Wakakuta amelazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani, na kichwa kimeinama kwa namna inayoonyesha kuwa kilikuwa kimewekewa mto ambao umeoza. Wataalamu walimpa jina la Kiswahili, Mtoto, na mwaka 2021 dunia ikatangaziwa kwamba hilo ndilo kaburi la kale kuliko yote ya binadamu wa aina yetu yaliyopatikana Afrika.

Turudi Sanga. Umri wa makaburi yake ulijulikanaje, na hakuna tarehe iliyochongwa popote? Njia ya kwanza ni kutazama nani kamkata nani. Makaburi ya Sanga yalichimbwa mahali pamoja kwa karne nyingi, mpaka yakapandana kama mikeka. Shimo jipya likikata shimo la zamani, lililokatwa ndilo lililotangulia. Hilo linakupa mfuatano, halikupi miaka.

Miaka inatolewa na makaa na mifupa. Kila kilicho hai, uwe mti, samaki au mtu, kina kaboni mwilini, na sehemu ndogo sana ya kaboni hiyo ni ya aina inayopungua yenyewe polepole, iitwayo kaboni 14. Mti ukiwa hai huipata kila siku. Ukikatwa na kuchomwa, haupati nyingine. Tangu siku hiyo ile iliyomo inapungua: baada ya miaka 5,730 imebaki nusu, baada ya 5,730 mingine imebaki robo. Ukipima kilichobaki kwenye kipande cha makaa, unajua takriban mti ulikatwa lini. Nasema takriban, kwa maana jibu huja na nafasi ya kupotoka ya miaka kadhaa, na mtaalamu mwaminifu huitaja nafasi hiyo. Vipimo viwili vya kwanza vya Sanga vilianguka karne ya 8 na ya 9.

Mwanzoni vyungu vya Sanga viliwatatiza wachimbaji. Vilikuwa vya aina zilizo mbali mbali, na Nenquin aliona kwamba huenda aina hizo zilitumika wakati mmoja na makundi tofauti ya watu. De Maret alipochimba tena, akapata makaburi mengi zaidi na vipimo vingi zaidi vya kaboni, ikaonekana kuwa zilifuatana. Ikatangulia ile waliyoipa jina la Kisale, iliyoanza kama karne ya 8 na kushamiri baina ya karne ya 10 na ya 13. Ikafuata ile ya Kabamba, jina la ziwa la jirani (msidhani ni Kabambare yetu), iliyoendelea mpaka karne ya 18 hivi. Nyuzi zake zinaingia moja kwa moja katika enzi ya Waluba, ambao bado wanavua na kulima kwenye bonde lile. Huo ni mfuatano wa maisha wa miaka zaidi ya elfu moja mahali pamoja, na katika Afrika ya kati sehemu zenye mfuatano mrefu kiasi hicho uliopimwa vizuri ni chache mno.

Ndani ya mfuatano huo unaweza kuona mambo yakizaliwa. Tazameni shaba. Bonde la Upemba halina shaba. Ilitoka kusini, kwenye machimbo ya Katanga, ikaja kwa mwendo wa siku nyingi. Katika enzi ya Kisale ilikuwa pambo. Enzi ya Kabamba inapoanza, tunakuta misalaba ya shaba, mikubwa, imewekwa kifuani mwa maiti. Karne zinapita, misalaba inakuwa midogo, kisha inakuwa ya ukubwa unaolingana, kisha inakutwa mingi pamoja, imefungwa mafungu, karibu na mikono au kiunoni. Kitu kinacholingana ukubwa, kinachohesabika, kinachofungwa kwa mafungu na kushikwa mkononi, ni kitu gani? Ni fedha. Kwenye makaburi yale tunaiona shaba ikiacha kuwa pambo la wachache na kuwa sarafu ya sokoni.

Kuna na shoka la Kamilamba. Kaburi moja la enzi ya mwanzo ya Kisale lilikuwa na shoka la heshima, mpini wake umepambwa kwa misumari, pamoja na fuawe la mhunzi. Ukiwauliza Waluba wa karne ya 19 na ya 20 alama za ufalme wao ni zipi, watakuonyesha shoka la namna hiyo, na watakusimulia kwamba mfalme na uhunzi havitengani. Baina ya kaburi lile na wafalme hao kuna karne karibu kumi. Simulizi za Kiluba kuhusu Nkongolo, Mbidi Kiluwe na Kalala Ilunga zilipuuzwa na wageni wengi kwa kuwa hazina tarehe. Shoka halithibitishi kila neno la msimulizi, na sitawadanganya kwamba linathibitisha. Linaonyesha tu kwamba desturi anazozisimulia zina mizizi mirefu kuliko walivyodhani.

Na sasa kauri. Kauri ni gamba la baharini, nanyi mnajua bahari iko mbali na sisi kiasi gani. Katika makaburi ya Kisale zimekutwa kauri chache, na baadaye, enzi ya Kabamba, zikaongezeka pamoja na shanga za kioo. Nyumbani kwetu Maniema tumezoea kusimulia kwamba njia ya pwani ilifunguliwa na misafara ya karne ya 19, ilipokuja kwa njia ya Ujiji, Tippu Tip akaifanya Kasongo makao yake na Nyangwe ikawa soko kubwa. Misafara ile ilikuja kweli, na ilileta Kiswahili tunachozungumza, na mchele tunaoula, na pia pingu na vilio. Lakini kauri za Kisale zilifika mamia ya miaka kabla ya hapo, bila msafara wenye bendera, zikipita mkono kwa mkono, kijiji kwa kijiji, kutoka Bahari ya Hindi mpaka kwenye shingo ya mtu wa Lualaba.

Hapo kwetu penyewe, udongo umeanza kuulizwa. Mji wa Tippu Tip haukuwa pale ilipo Kasongo ya leo. Wazee wanapaonyesha Tongoni. Majeshi ya Dola Huru la Kongo yaliuteka mji huo Aprili 1893, na baadaye ukaachwa ukamezwa na majani. Miaka ya karibuni wanaakiolojia kutoka Kongo na Ubelgiji, wakiwemo Noemie Arazi na Clément Mambu, wamefanya utafiti Kasongo na Tongoni. Walichimba, na pia walikaa na wazee wakasikiliza kumbukumbu za familia. Namna hiyo naipenda. Bado sehemu kubwa ya Lualaba, toka Kongolo hadi Ubundu, haijafukuliwa hata kidogo, na sioni sababu ya kudhani kwamba watu wa Kisale walikuwa peke yao kando ya mto huu.

Najua kuna swali linalowakera tangu mwanzo, na ni swali zuri: je, ni halali kumfukua maiti? Wazee wetu wa Kiislamu hufundisha kwamba mfupa wa aliyekufa una heshima yake kama wa aliye hai, na wazee wetu waliokuwapo kabla ya Uislamu hawakufundisha tofauti. Mimi nasema kaburi lenye ndugu wanaolizuru liachwe. Kaburi la kale ambalo hakuna anayelijua, likikabiliwa na barabara, au mto unaokula ukingo, au wezi, ni afadhali lifunguliwe na mikono yenye adabu, kwa idhini ya mfalme wa kijiji na watu wake, na mifupa itunzwe au izikwe upya. Wamisri wenyewe wamelifikiria jambo hili. Tarehe 3 Aprili 2021 walizihamisha maiti 22 za wafalme na malkia wao kutoka jumba moja la makumbusho mjini Cairo hadi jingine, na waliwasindikiza kwa gwaride na mizinga, kama wakubwa wa nchi wanavyosindikizwa.

Ubaya wa wizi nao waliuonja. Zamani, karne ya 19, familia moja ya karibu na Luxor, akina Abd el-Rassul, iligundua pango ambamo makuhani wa kale walikuwa wameficha maiti za wafalme. Kwa miaka kadhaa walikuwa wakitoa kitu kimoja kimoja na kukiuza kwa watalii. Serikali ilipolifikia pango mwaka 1881, wafalme walikuwamo bado, lakini vilivyouzwa vilikuwa vimetawanyika Ulaya na Marekani. Vitu vya kwetu navyo vimetawanyika. Baadhi ya vyungu vya Sanga viko Tervuren, Ubelgiji. Kinshasa lilifunguliwa jumba jipya la Makumbusho ya Taifa mwaka 2019, na ningependa kizazi chenu kiende kuvidai kwa hoja na kwa ujuzi wa kuvitunza.

Basi hili ni la kufanya, si la kusikiliza tu. Mmoja wenu akiwa shambani, au kwenye shimo la dhahabu, au anachimba choo, jembe likagonga chungu kizima, au shaba, au mifupa, asimame hapo hapo. Asikitoe. Asikioshe. Akifunike kwa udongo laini na majani ya mgomba ili jua na mvua visikiharibu, apigilie vijiti vinne kukizunguka, kisha amwite mzee na mwalimu. Mwalimu atajua namna ya kuifikisha habari kwa Taasisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kongo, Kinshasa, au kwa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Na wakati mnawangoja, chukueni daftari mwandike: jina la kijiji, siku na mwaka, nani aliyekiona, kina chake kwa sentimita, rangi ya udongo wa juu na wa chini yake, vitu gani vingine vilionekana na kila kimoja kilikuwa upande upi wa kingine, na mto uko upande gani. Pigeni picha kwa simu, mkiweka rula pembeni ili ukubwa ueleweke. Karatasi hiyo mtengeneze nakala mbili, moja ibaki kwa mfalme wa kijiji.